Kumtumikia Mungu kwa Moyo Wote kwa Kile Ulichonacho: Hatua kwa Hatua

Waumini wengi hawajakataa kumtumikia Mungu. Wameahirisha tu. Nikimaliza masomo nitaanza. Watoto wakikua kidogo. Nikipata kazi ya kueleweka, nikiijua Biblia vizuri, mambo yakikaa sawa. Miaka inakatika, na mtu bado yuko benchi la nyuma, ana nia safi kabisa na hajagusa kazi yoyote.

Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo linalokata mzizi wa kuahirisha huko. Nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, wala si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Alikuwa akizungumzia mchango wa fedha, lakini kanuni yake inafika mbali kuliko fedha. Mwongozo huu umejengwa juu ya mstari huo. Usizisome hatua zote kwa mkupuo mmoja kisha ufunge. Fanya moja, halafu uende kwenye inayofuata.

Hatua ya 1: Rekebisha unavyomwona Bwana wako

Mfano wa talanta katika Mathayo 25, ambamo bwana aliwakabidhi watumwa wake watatu talanta tano, mbili na moja, na wa mwisho akaifukia yake, tumeusikia mpaka tumeuzoea, na mazoea yametufanya tusione kiasi cha mali kinachotajwa pale. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: mtu anayefanya kazi siku sita kwa juma angehitaji karibu miaka 20 kuipata talanta moja. Yule mtumwa wa mwisho, tunayezoea kumwita maskini wa karama, alikabidhiwa mali ambayo kibarua wa kawaida angeifanyia kazi nusu ya umri wake.

Kwa nini basi aliifukia? Sababu aliitoa mwenyewe: alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa. Wenzake walikuwa na bwana yuleyule, na wala hatusomi kwamba walihofia kupata hasara. Hofu ndiyo iliyochimba lile shimo.

Kwa hiyo, kabla hujagusa ratiba yako, jiulize unamtumikia Mungu wa namna gani. Ukiona kila unapofikiria huduma unawaza kwanza adhabu ya kukosea, kaa na jambo hilo. Kwa juma zima, anza maombi yako kwa kushukuru vitu mahususi ulivyopewa, vitaje kimoja kimoja, na usiombe chochote mpaka umalize. Ni zoezi dogo, lakini bila hilo hatua zinazofuata zitageuka mzigo wa sheria.

Hatua ya 2: Andika ulichonacho, kwa undani

Chukua daftari. Watu wakisikia "karama" huwaza kuhubiri, kuimba na kuombea wagonjwa, na asiye na moja ya hizo hufunga daftari kabla ya kuandika neno. Hebu tazama Biblia inavyomtambulisha Bezaleli: alijazwa roho ya Mungu ili abuni na kufanya kazi za dhahabu, fedha, shaba, kuchora mawe na kuchonga miti (Kutoka 31). Fundi wa mikono. Dorkasi wa Yafa alishona kanzu na nguo; alipofariki, wajane walimwonyesha Petro zile nguo huku wakilia. Yoana, mke wa Kuza aliyekuwa wakili wa Herode, alikuwa na mali, na pamoja na wanawake wengine aliitumia kumhudumia Yesu na wanafunzi (Luka 8). Tertio alikuwa na mwandiko: yeye ndiye aliyeandika Waraka kwa Warumi wakati Paulo akitamka, na salamu zake zimo katika sura ya 16.

Andika chini ya vichwa hivi: ujuzi wa mikono na wa kichwa, muda, vitu na fedha, watu wanaokusikiliza, nafasi au mamlaka uliyonayo kazini na mtaani, na mambo uliyopitia. Hicho cha mwisho wengi hukiruka, na mimi naona ndicho chenye utajiri zaidi. Aliyezika mtoto anaweza kuketi na mfiwa akasema maneno matatu yanayoshinda mahubiri ya saa nzima. Aliyetoka kwenye madeni, aliyeacha pombe, aliyeuguza mzazi kwa miaka, hao wote wamekabidhiwa kitu. Paulo asema Mungu hutufariji katika dhiki ili nasi tuweze kuwafariji wengine kwa faraja ileile (2 Wakorintho 1:4).

Andika kwa undani unaoweza kutumika. Usiandike "muda". Andika: "Jumanne, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, isipokuwa juma la mwisho wa mwezi." Usiandike "najua kompyuta". Andika: "Naweza kutengeneza jedwali la mahesabu, kuchapa barua, na kumfundisha mtu mzima asiyewahi kushika kompyuta bila kumkasirikia." Hilo la kutokasirika ni karama kamili, liandike.

Halafu mpe daftari mtu anayekufahamu na asiyekuogopa, aongeze na afute. Madodoso ya kutambua karama siyaamini sana. Mtu hujaza anavyotamani kuwa, na mwisho wa yote hupewa jina la karama bila kupewa kazi. Rafiki mmoja mkweli hukwambia kwa dakika kumi kile ambacho maswali mia hayasemi.

Hatua ya 3: Tazama hitaji lililo mbele ya mlango wako

Nehemia sura ya 3 ni orodha ya majina ambayo wasomaji wengi huiruka. Usiiruke. Walioujenga upya ukuta wa Yerusalemu hawakuwa waashi peke yao. Yumo Uzieli mfua dhahabu, yumo Hanania mtengeneza marashi, yumo Shalumu pamoja na binti zake. Na wengi wao walijenga mahali palipohusiana na maisha yao: makuhani walijenga kila mtu mbele ya nyumba yake mwenyewe. Ukuta ulikamilika kwa siku 52. Wako pia waliogoma: wakuu wa mji wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo, ingawa watu wao wa kawaida waliimaliza sehemu yao, kisha wakachukua nyingine.

Kwa hiyo anzia karibu. Wa kwanza ni wa nyumbani mwako. Yesu aliwakemea watu waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na hivyo wazazi wasipate kitu (Marko 7). Huduma inayomfanya mama yako akose dawa, au mkeo akose mtu wa kuzungumza naye, iko kwenye hatari ya kuwa Korbani ya siku hizi, hata kama inafanyika madhabahuni.

Baada ya nyumbani, tazama kusanyiko lako na jirani zako. Usianze kwa kumuuliza mchungaji. Muulize anayefungua milango, anayepanga viti, anayefundisha watoto: "Ni kazi gani hapa hukosa mtu kila mara?" Watu hao wanajua. Watakwambia kwamba wazee wasiofika ibadani hawatembelewi, kwamba hesabu za sadaka zinaandikwa na mtu mmoja aliyechoka, kwamba mgeni anaweza kuja majuma matatu asisalimiwe.

Hatua ya 4: Chagua kazi moja, kisha ujitoe kwa maneno yanayoeleweka

Linganisha orodha ya hatua ya 2 na mahitaji ya hatua ya 3. Pale vinapokutana, chagua kitu kimoja. Kimoja tu. Anayeanza na vitano huacha sita.

Kisha nenda kwa anayehusika. Hapa ndipo wengi hukosea kwa unyenyekevu. Husema, "Mimi nipo tayari kwa lolote, mtakaponihitaji nitakuja." Ni maneno mazuri, lakini yanamwachia kiongozi kazi ya pili: kukutafutia la kufanya. Ana mambo mengi, atasahau, nawe utaondoka ukiamini kwamba kanisa halikuthamini. Mazungumzo yanayozaa matunda yanafanana zaidi na haya, kati ya dada fundi cherehani na mzee wa kanisa:

"Shikamoo, mzee. Naomba dakika tano."

"Marahaba, binti. Karibu."

"Nimeona majoho ya kwaya yamefumuka mishono, na mengine hayana vifungo. Mimi ni fundi. Jumamosi asubuhi huwa sina wateja. Naomba niyashone."

"Tungependa sana, lakini mfuko wa kwaya hauna kitu. Hatutaweza kukulipa."

"Sikuja kwa malipo, mzee. Uzi ninao. Ninachohitaji ni ufunguo wa stoo na mtu wa kunionyesha yapi ni ya nani. Nifanye kwa miezi mitatu, halafu tukae tena tuone."

"Ufunguo anao shemasi. Nitamwambia leo hii."

Amekuja na kazi, siku, kifaa, na mwisho. Mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani. Miezi mitatu ikiisha, anaweza kuendelea au kuondoka kwa heshima, na kanisa halijafunga ndoa na mtu asiyefaa kwa nafasi hiyo. Kama ukikataliwa, uliza sababu mara moja, kwa adabu, kisha rudi kwenye orodha. Milango ya kutenda mema haiko chini ya kamati moja.

Hatua ya 5: Ifanye kwa moyo wote

Maandiko yana mfalme aitwaye Amazia, ambaye yameandikwa juu yake maneno mazito: alifanya yaliyo ya adili machoni pa Bwana, lakini si kwa moyo mkamilifu (2 Mambo ya Nyakati 25:2). Matendo yalikuwa sawa. Moyo ulikuwa nusu. Kumbe inawezekana.

Moyo wote si jasho na sauti kubwa. Utauona hasa sehemu zisizo na mashahidi. Chukua mtu aliyepangiwa zamu ya kusoma neno Jumapili. Kazi hiyo ni ya dakika nne, na wengi huifanyia dakika nne. Anayeifanya kwa moyo wote hulipata fungu lake mapema na kulisoma kwa sauti nyumbani, akisimama, mara kadhaa. Huweka alama ya penseli pale sentensi ndefu za Paulo zinapomruhusu kuvuta pumzi. Majina kama Mefiboshethi na Nebukadreza huyatamka mpaka ulimi uzoee, kusudi watu wasikie habari badala ya kusikia mtu akihangaika. Hufahamu nani anasema na kwa nini, ili asisome maombolezo kama tangazo. Siku yenyewe hufika mapema, hufungua kitabu kwenye ukurasa wake, hupima kipaza sauti, na akiitwa hasemi hotuba ya utangulizi. Anasoma, anaketi. Bibi aliyekaa nyuma, ambaye macho yake hayawezi tena kusoma, amelipata neno lote.

Fanya hivyohivyo na kazi yako, iwe ni kufagia au kuweka hesabu. Jiulize: ikikaguliwa na Bwana mwenyewe, ni sehemu gani ningetamani asiitazame? Anza na hiyo.

Na usiiweke huduma ndani ya jengo la ibada peke yake. Lile agizo la Wakolosai 3:23, kwamba lolote mfanyalo lifanyeni kwa moyo kama kwa Bwana, liliandikwa kwa watumwa. Hawa ni watu ambao hawakuchagua kazi, hawakulipwa, na wengi wao walitumikia nyumba zisizomjua Kristo. Paulo hakuwaambia wangoje huduma ya kweli. Aliwaambia kwamba wanamtumikia Bwana Kristo palepale walipo. Kwa hiyo mhasibu anayekataa kuandika risiti ya uongo, muuguzi anayemgeuza mgonjwa asiyeweza kushukuru, mwalimu anayesahihisha daftari la mwisho kwa umakini uleule wa la kwanza, hao wako kazini mwa Bwana siku ya Jumatatu. Kama ofisini wewe ni mchelewaji na mwenye visingizio, zamu yako ya Jumapili haiwezi kuyafuta hayo.

Hatua ya 6: Toa bila kunyonywa, fanya bila kujiua

Hapa nitasema wazi kidogo. Habari ya mjane aliyetoa senti mbili hutumiwa mara nyingi kuwakamua watu wasio na kitu. Fungua Marko 12 na usome mstari unaotangulia: Yesu ametoka tu kuwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Alimsifu mjane, hakuwasifu wanaomsukuma. Ukishinikizwa ukope ili utoe, au utajwe hadharani ili uaibike, una ruhusa ya Maandiko kukataa. Paulo ameshasema: kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima (2 Wakorintho 9:7). Panga kiasi chako nyumbani, na mwenzi wako akiwapo, kabla hujakisikia kiasi cha mtu mwingine.

Nguvu nazo zina kipimo. Musa aliketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, na mkwewe Yethro hakumpongeza kwa kujitoa. Alimwambia kwamba jambo afanyalo si jema, kwamba atajichosha yeye na watu pia, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi (Kutoka 18). Dalili za kwamba umevuka kipimo si ngumu kuziona: unawahesabia wenzako makosa, unalalamika njia nzima ya kurudi nyumbani, na umeacha kuomba kwa sababu huna muda, una kikao cha maombi. Martha alikuwa na dalili ya kwanza; alimlalamikia Bwana juu ya dada yake. Ukizikuta kwako, punguza kazi moja, pumzika, na usijisikie hatia kwa hilo.

Hatua ya 7: Acha kuchungulia zamu ya mwenzako

Petro, akiwa ameambiwa na Yesu mambo yake, aligeuka akamwona mwanafunzi mwingine, akauliza, "Bwana, na huyu je?" Jibu alilopata (Yohana 21) linatosha: hilo lakuhusu nini, wewe unifuate mimi. Kwenye mfano wa talanta pia, aliyeleta tano za faida na aliyeleta mbili walipewa sifa zilezile, neno kwa neno. Sina cha kuongeza.

Hatua ya 8: Kagua, fundisha mwingine, kabidhi

Kila baada ya miezi mitatu, kaa na daftari lako. Je, kazi niliyoahidi imefanyika? Nani amefaidika, kwa jina? Nyumbani kwangu wanasemaje juu yake? Swali la tatu waulize wenyewe, usiwajibie. Majibu yakiwa mabaya, huenda kazi si yako, au ni yako lakini si kwa saa zile. Badilisha. Daudi, kabla ya kupigana na Goliathi, alizivaa silaha za mfalme Sauli, akajaribu kutembea, akazivua kwa sababu hakuzizoea. Hakuna aliyemwita mwasi.

Mambo yakienda vizuri, tafuta mtu wa kusimama kando yako mapema, kabla hujachoka. Sheria ya Walawi, yaani kabila la watumishi wa hema la ibada, katika kitabu cha Hesabu sura ya 8 iliwataka waanze utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 waache kazi nzito. Lakini hawakufukuzwa. Walibaki wakiwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Ni utaratibu mzuri kweli, na unakosekana mahali pengi ambapo mtu hushika funguo mpaka azikwe nazo.

Ukikabidhi, kabidhi kwa vitendo. Fanyeni pamoja kwa majuma mawili, kisha yeye afanye wewe ukitazama. Mwandikie kwenye karatasi vitu ambavyo wewe umevizoea hata huvioni tena: mlango unaokwama, namba ya fundi wa umeme, jina la mzee anayetaka kiti karibu na dirisha. Mpe ufunguo wako halisi, na nakala usibaki nayo. Waambie viongozi mbele yake kwamba kuanzia sasa maswali yaende kwake. Juma la kwanza akikosea kitu kisicho cha hatari, usimsahihishe mbele za watu, na ukiulizwa na waumini "mbona siku hizi inafanywa hivi?", wapeleke kwake.